Muuza Viatu Aliyeokoa Vidole vya Watoto

Wasee, ukisikia neno roketi unafikiria NASA, Elon Musk na pesa ndefu. Leo tuongee kuhusu zile ndogo. Roketi ya karatasi unayoibeba kwa mkono mmoja, unairusha uwanjani, inapaa mamia ya mita, parachuti inafunguka, inarudi chini. Kesho unairusha tena. Watoto wa Marekani wamefanya hivyo tangu miaka ya hamsini. Na aliyeanzisha hiyo kitu hakuwa mwanaanga. Alikuwa na duka la viatu.

Cheki hali ilivyokuwa. Miaka ya 1950 Marekani imeshikwa na homa ya roketi. Kijana anataka kurusha yake lakini hana pa kununua mota, yaani ile sehemu inayoungua na kuisukuma roketi. Basi anajitengenezea. Anachukua bomba la chuma, anajaza kemikali, anawasha, anakimbia. Shida ni kwamba bomba la chuma likikataa kuwa roketi linakuwa bomu. Kuna waliopoteza vidole, kuna waliopoteza macho, na kuna waliokufa. Wazazi na polisi walikuwa na jibu moja tu: piga marufuku.

Sasa ingia Orville Carlisle, muuza viatu wa mji mdogo wa Norfolk, jimbo la Nebraska. Akishafunga duka, starehe yake ilikuwa fataki. Ndugu yake Robert alikuwa mtu wa ndege za modeli, na alikuwa akitoa hotuba kuhusu kuruka kwa nguvu za roketi. Alihitaji kitu cha kuonyesha watu. Mwaka 1954 Orville akamtengenezea roketi nyepesi yenye mota ya kubadilisha. Mwaka 1958 akapewa hati ya hataza.

Manze, akili iko kwenye ile mota. Ni mrija wa karatasi ngumu, si chuma, kwa hivyo ikipasuka hairushi vipande vya kuua mtu. Chini kuna tundu jembamba la udongo. Ndani kuna baruti iliyoshindiliwa, ile ile ya kale ya potasiamu naitreti, makaa na salfa. Baruti ikiisha, safu nyingine inaungua polepole wakati roketi bado inapaa. Mwisho kunatokea mlipuko mdogo unaosukuma parachuti nje. Mrija ukiisha unautupa, unaweka mwingine. Mtoto anajenga mwili, mabawa, pua, parachuti, kila kitu, lakini baruti haigusi hata siku moja.

Lakini wazo zuri ndani ya duka la viatu haliendi mbali. Ikahitajika mtu wa pili. G. Harry Stine alisomea fizikia, akafanya kazi ya usalama huko White Sands, jangwa la New Mexico ambako jeshi lilijaribia makombora. Alikuwa akiandika magazetini, na vijana walimwandikia wakiuliza jinsi ya kutengeneza roketi. Alijua vizuri hiyo inaishia wapi. Mwaka 1957 Carlisle akasoma makala yake moja, akamtumia roketi zake. Stine akazirusha na akaona jibu alilokuwa akitafuta. Mwaka huo huo akafungua kampuni, Model Missiles, mjini Denver. Oktoba 4, Urusi ya Kisovieti ikarusha Sputnik, na kila mtoto Marekani akataka roketi.

Oda zikaja nyingi kuliko mota. Ndipo anaingia mtu wa tatu, Vern Estes, kijana wa Denver ambaye familia yake ilikuwa kwenye biashara ya fataki. Badala ya kushindilia baruti kwa mkono, aliunda mashine. Akaiita Mabel. Ilitoa mota moja kila baada ya sekunde 5 na nusu hivi, na zote zilifanana. Model Missiles haikudumu, lakini Estes akaanza kuuza mwenyewe kwa posta, na mwaka 1961 akahamia Penrose, Colorado. Jina lake bado liko kwenye mota hadi leo.

Hapa nikuambie ukweli. Mimi niliacha chuo, na ningependa sana kukuuzia ile hadithi ya "digrii si lazima, ona muuza viatu". Historia hainiruhusu. Wazo lilitoka kwa mtu wa viatu, sawa. Lakini aliyejua kupima hatari na kuweka sheria za kurushia alikuwa msomi. Na aliyefanya bei ishuke ni fundi wa mashine. Toa mmoja wao, wote wanabaki na kitu kizuri kwenye kabati.

Na hatari haikupotea, ilihama tu. Kutoka jikoni kwa mtoto ikaenda kiwandani, mahali penye mafunzo na kuta zilizotenganishwa. Baadaye zikaja mota zenye nguvu zaidi, za mchanganyiko wa amoniamu pakloreti na mpira, ndugu wa ile iliyosukuma roketi za pembeni za vyombo vya anga vya NASA. Kampuni moja maarufu ya mota hizo ni AeroTech, iliyoanzishwa mwaka 1982. Mwaka 2001 moto uliteketeza kiwanda chake Las Vegas. Kwa hivyo ukishika mota salama mkononi, jua kuna mtu aliyebeba ile hatari kabla yako.

Serikali nayo ilijaribu njia ya mkato. Idara ya Marekani inayosimamia silaha na vilipuzi iliiweka hiyo kemikali kwenye orodha ya vilipuzi. Vyama viwili vya warushaji, NAR na Tripoli, vikaenda kortini mwaka 2000. Hoja yao ilikuwa rahisi: inaungua, hailipuki. Kesi ikachukua miaka 9. Mwaka 2009 wakashinda.

Hiyo ndiyo pointi yangu. Kijana akifanya kitu cha hatari, wakubwa wanajua neno moja: marufuku. Lakini marufuku haikuokoa vidole vya mtu. Vijana waliendelea kuchanganya kemikali kwa siri. Vidole viliokolewa na mtu aliyekaa chini akauliza, hawa watoto wanataka nini, na nitawapaje bila kuwaua?

Hapa Kenya wanafunzi wa JKUAT kwenye mradi wa Nakuja wanajenga roketi zao. Wanafanya kazi kama timu, chini ya macho ya walimu, si peke yao jikoni. Ukitaka kuingia hii mambo, tafuta watu kama hao. Usichanganye kitu chochote kejani.

Na wewe mkubwa unayesoma hii, kabla hujasema "acheni huo ujinga", jiulize unaweza kuwa Carlisle wa mtaa wako au la.