Muziki Uliozaliwa Mikononi mwa DJ

Mwaka 1972 Kameruni iliandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na Manu Dibango, mpiga saksofoni mzaliwa wa Douala aliyekuwa na makazi Ufaransa, akaombwa atunge wimbo wa mashindano. Akautunga. Kwenye upande wa pili wa santuri akaweka kibao kingine, "Soul Makossa". Kombe likachukuliwa na Congo Brazzaville, wimbo wa mashindano ukasahaulika, na kibao cha upande wa pili nacho kilikuwa njiani kupotea.

Aliyekinusuru hakuwa mwanamuziki, wala prodyuza, wala kampuni ya kurekodi. Alikuwa David Mancuso, aliyekuwa akipiga santuri usiku kucha kwa wageni waalikwa nyumbani kwake Manhattan, mahali palipojulikana kama The Loft. Aliiokota santuri ile katika duka la watu wa Karibiani huko Brooklyn, akaipiga, watu wakaielewa kwa miguu kabla ya kuuliza jina la mwimbaji. Kutoka kwake ikamfikia Frankie Crocker wa redio ya WBLS, na New York nzima ikaanza kuitafuta. Nakala zilikuwa chache mno, hata makampuni madogo yakakimbilia studio kurekodi matoleo ya kuiga ili kukidhi kiu. Kampuni ya Atlantic ikanunua haki, na mwaka 1973 kibao cha Mwafrika kikaingia katika nyimbo 40 bora za Marekani.

Jina la Dibango limo kwenye santuri, kama inavyostahili. Jina la Mancuso halimo.

Naanza na kisa hiki kwa sababu mabishano kuhusu ma-DJ huwa yanakwama mapema. Wapenzi wa bendi husema: mpiga gitaa amekesha miaka akijifunza nyuzi, mtunzi ameumiza kichwa na mashairi, prodyuza ameujenga mdundo kutoka kwenye kimya, DJ anakuja mwishoni, anapiga kazi za watu, anashangiliwa. Hoja hiyo ina uzito, na nitairudia. Lakini inamchukulia DJ kama mchuuzi wa muziki uliokwisha kukamilika, na historia inaonyesha kwamba aina kadhaa za muziki tunaousikia leo zisingekuwapo bila mikono yake. Pa kuthibitishia hilo ni Bronx, New York.

Tarehe 11 Agosti 1973, msichana aitwaye Cindy Campbell alitaka fedha za kununulia nguo za kufungulia shule. Akaandaa pati katika ukumbi wa jengo walilokuwa wakiishi, namba 1520 Sedgwick Avenue. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Mpiga muziki alikuwa kaka yake Clive, kijana wa miaka 18 mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyehamia New York mwaka 1967 na kujiita Kool Herc. Jamaika alikotoka, watu walikuwa wamezoea mtu kufunga spika kubwa uwanjani, kupiga santuri, na mwingine kushika kipaza sauti na kuchombeza juu ya mdundo. Herc alikuja na masikio yaliyolelewa hivyo.

Alichokigundua kilitokana na kuwatazama wachezaji. Katika nyimbo za funk, kama zile za James Brown, kuna mahali ambapo waimbaji na vinanda vinanyamaza na ngoma inabaki peke yake kwa sekunde chache. Herc aliona kwamba kuna vijana wanaokaa pembeni wimbo mzima wakiisubiri sehemu hiyo. Ikifika wanaruka katikati, ikiisha wanarudi ukutani. Basi akatafuta nakala mbili za santuri moja. Nakala ya kwanza ikimaliza ngoma tupu, anaiachia ya pili ianze pale pale, huku akiirudisha sindano ya kwanza nyuma. Sekunde chache zikawa dakika tano, au kadiri alivyotaka. Rafiki yake Coke La Rock akawa anatupia maneno kwenye kipaza sauti, kuwasalimu watu na kuwatia moto.

Tafakari kilichofanyika hapo. Hakuna bendi iliyowahi kuupiga wimbo ule kwa namna ile. Mtunzi aliiweka ngoma iwe daraja la kupitia kutoka ubeti mmoja kwenda mwingine, na Herc akaufanya daraja kuwa mji. Wimbo uliosikika Sedgwick Avenue haukuwa umeandikwa na mtu yeyote kabla ya usiku huo.

Herc hakuwa fundi mwangalifu sana. Sindano aliishusha kwa kukadiria, na mdundo ulikuwa unayumba. Aliyelishughulikia tatizo hilo ni Joseph Saddler, mzaliwa wa Barbados aliyekulia Bronx, maarufu kwa jina la Grandmaster Flash. Alisomea umeme na elektroniki shuleni, na alikuwa na tabia ya kufungua redio za watu ili kuona kilichomo ndani. Alichora alama kwa kalamu ya rangi juu ya santuri ili ajue ngoma inaanzia wapi na irudishwe mizunguko mingapi. Alikata kitambaa kizito, akakikaza, akakitandika chini ya santuri ili aweze kuishika kwa vidole huku sahani ya mashine ikiendelea kuzunguka chini yake. Alijitengenezea swichi ya kumwezesha kuisikia santuri ya pili kwenye hedifoni kabla ukumbi haujaisikia. Kijana mdogo zaidi, Theodore Livingston, anayejulikana kama Grand Wizzard Theodore, ndiye anayetambuliwa kuwa mwanzilishi wa kukwaruza, yaani kuisukuma na kuivuta santuri chini ya sindano mpaka itoe sauti ya namna yake. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya 1970, naye hajafika hata umri wa kumaliza shule.

Mtu anayebuni namna ya kushika nyuzi, namna ya kuhesabu, na sauti ambayo haikuwapo, tunamwita mpiga ala. Sioni sababu ya kumnyima Flash jina hilo kwa kuwa ala yake ilitengenezwa kiwandani kwa ajili ya kusikilizia.

Mwaka 1979 muziki huu wa Bronx, tunaouita hip-hop, ukaingia studio kwa kishindo, na hapo ndipo DJ alipoanza kufutwa. Sylvia Robinson wa kampuni ya Sugar Hill alikusanya vijana watatu huko New Jersey, akawaita Sugarhill Gang. Kundi halikuwa na DJ. Wanamuziki wa studio waliupiga upya mdundo wa "Good Times" wa bendi ya Chic, vijana wakaghani juu yake, na "Rapper's Delight" ikaenda dunia nzima. Nile Rodgers na Bernard Edwards wa Chic walidai haki yao na majina yao yakaandikwa kama watunzi. Walistahili. Grandmaster Caz, DJ na mghani wa Bronx ambaye mistari yake ilitumika katika wimbo ule, hakuandikwa. Kile ambacho ma-DJ walikuwa wamekifanya kwa miaka sita, kuchagua ngoma ipi irefushwe na kuifundisha hadhira kuisikiliza, hakikuwa na hata mstari wa kuandikwa kwenye lebo.

Mwaka 1981 Flash alipewa nafasi moja ya kuonyesha. Kwa mashine tatu za santuri alichanganya Chic, Blondie, Queen na wengine katika rekodi ya kama dakika saba. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza mikono ya DJ kurekodiwa kama muziki kamili. Mwaka uliofuata ikatoka "The Message", wimbo uliompa jina kuliko kazi zake zote, lakini mikono yake haimo humo. Ni kazi ya Melle Mel, mghani wa kundi lake, na mwanamuziki wa studio Duke Bootee zaidi. Jina la Flash lilikuwa kwenye jalada kwa sababu lilikuwa linauza. Napata uchungu kila nikilikumbuka jambo hili: DJ aliyelijenga kundi alisifiwa kwa wimbo ambao hakuupiga, na ule alioupiga kwa mikono yake wengi hawaujui.

Sasa niirudie hoja ya watu wa bendi. Clyde Stubblefield alikuwa mpiga ngoma wa James Brown. Vipigo vyake katika "Funky Drummer", vilivyorekodiwa mwaka 1969, vimenyofolewa na kutumika katika nyimbo nyingi za hip-hop kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Aliyeandikwa mtunzi ni James Brown. Stubblefield alilipwa ujira wa mpigaji, na mirabaha haikumfikia. Alifariki mwaka 2017. Ma-DJ na prodyuza walijenga majumba juu ya mikono yake. Kwa hiyo anayemtetea DJ hawezi kumpita mpiga ngoma bila kumwamkia. Lakini ukimtazama vizuri Stubblefield, utaona amedhulumiwa na mpangilio ule ule uliomdhulumu Herc. Sheria ya hakimiliki inamtambua mwenye maneno na sauti ya wimbo, na mwenye kanda ya studio. Anayepiga ngoma na anayeigundua ngoma hiyo wote wawili wako nje ya mlango.

Na prodyuza? Wengi wao ni ma-DJ waliohamia studio. Marley Marl alikuwa DJ wa redio kabla ya kuanza kunyofoa vipigo vya ngoma na kuvipanga upya. DJ Premier hakuacha hata jina. Huko Chicago, Frankie Knuckles alianza kupiga katika klabu iitwayo Warehouse mwaka 1977, na muziki uliotokana na usiku wake ukaitwa house kwa jina la klabu hiyo. Mwaka 1998, Grammy walipoanzisha tuzo ya mtengenezaji bora wa rimiksi, yeye ndiye aliyeipata kwanza. Kuwatenganisha watu hawa katika makundi mawili na kulisifu moja ni kuukata mti katikati na kusema matunda hayana shina.

Herc aliingizwa katika jumba la heshima la Rock and Roll mwaka 2023, miaka 50 baada ya pati ya dada yake. Hata hivyo hakuingia kama msanii mpigaji. Alipewa heshima ya walioathiri muziki. Nadhani walikosea kundi.

Kwetu jambo hili si la mbali. Redio binafsi zilipoanza Tanzania mwaka 1994, ma-DJ ndio waliozipa nafasi kaseti za vijana wa mitaani, na Mike Mhagama wa Radio One ndiye anayetajwa kulipa muziki huo jina la Bongo Fleva. Lakini mfano unaofanana zaidi na Bronx ni singeli. Katika vigodoro, yaani sherehe za usiku za mitaani, vya Manzese, Tandale na Mburahati jijini Dar es Salaam, DJ alichukua kipande cha taarabu kisicho na mwimbaji, akakiongeza kasi, akakirudisha tena na tena, na MC akaghani juu yake. Ni ujanja ule ule wa Herc, uliobuniwa upya na watu wenye haja ile ile: shughuli inaendelea, watu wanataka kucheza, na sehemu tamu ni fupi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" kutoka studio ya Mburahati, na majina ya watengenezaji wa midundo yakajulikana Ulaya. Hapa nyumbani, mtangazaji akiucheza wimbo wa singeli, mara nyingi humtaja MC tu.

Wengi wa waliokuwa nyuma ya kompyuta katika vigodoro vile vya mwanzo bado tunao. Anayetaka kuandika historia ya singeli aende kwao sasa. Awaulize walitumia programu gani, kipande kipi cha taarabu kilitangulia, ni mtaa upi uliokipandisha kasi kwanza, na wakati wanajibu awaulize pia jina la yule mpiga kinanda wa taarabu ambaye vidole vyake vimo ndani ya mdundo wote ule.