Mashimo ya Kunduchi: bakuli la China, kaburi la Mswahili na meko ya Mholanzi

Shuka daladala Mtongani, barabara ya Bagamoyo, halafu chukua bodaboda hadi magofu ya Kunduchi, hapahapa Kinondoni. Utakuta mabaki ya msikiti wa karne ya 15 na makaburi yenye nguzo za mawe ya matumbawe. Sasa angalia nguzo vizuri. Kuna vishimo vya mviringo, kama mtu kabonyeza bakuli kwenye chokaa mbichi kisha akalichomoa.

Ndivyo ilivyokuwa. Humo yalikaa mabakuli ya kauri kutoka China, mengine meupe yenye michoro ya bluu. Utauliza, chombo cha mezani kinafanya nini kaburini? Kauri ilikuwa ghali na ilivuka bahari kwa pepo za msimu. Kuipachika kwenye nguzo kulionyesha hadhi ya marehemu na ukoo wake.

Wazungu nao waliipenda kauri hiyohiyo. Mwaka 1603 Waholanzi waliteka meli ya Wareno, Santa Catarina, karibu na Singapore, na shehena yake ya kauri ikauzwa Amsterdam. Watu wakachanganyikiwa! Tatizo ni kwamba wafinyanzi wa Ulaya hawakujua siri yake: udongo wa kaolini, unaochomwa kwenye joto la nyuzi 1,300 hivi. Utawala wa Ming ulipoanguka mwaka 1644 na vita kukatiza biashara, mafundi wa mji wa Delft waliziba pengo kwa kuiga. Walichukua udongo wa kawaida, wakaupaka glezi nyeupe yenye madini ya bati, kisha wakachora kwa bluu ya kobalti. Wakatengeneza pia marumaru za ukutani, za sentimita 13 hivi kila upande. Ukizipanga kadhaa, zinatoa picha moja kubwa: chombo cha maua, au meli baharini. Ziliwekwa kwenye meko ya kuotea moto, maana masizi yanafutika kirahisi.

Kumbe pwani yetu ilikuwa inapamba kuta kwa kauri halisi kabla Delft haijaanza kuiga.

Kwa mwanaakiolojia, bakuli ni saa. Mitindo ya China inajulikana kwa vipindi, kwa hiyo nguzo haiwezi kuwa kongwe kuliko bakuli lililopachikwa wakati wa kuijenga. Inaweza kuwa changa zaidi, kwa sababu familia huenda ilitunza bakuli vizazi kadhaa kwanza. Lakini saa hii inafanya kazi likiwa mahali pake tu. Likichomolewa na kuuzwa bila kumbukumbu, linabaki pambo zuri lisilosema ni la kaburi gani, na kaburi linabaki bila tarehe.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, ila sheria haikai zamu usiku. Ukienda Kunduchi, piga picha hata za mashimo. Na ukikuta kigae cha bluu chini, kiache hapohapo, kisha mwambie mlinzi.