Magari Yaliyonusurika Chini ya Mabati Mabovu

Mwaka 2014, Matthieu Lamoure na Pierre Novikoff, wataalamu wa kampuni ya mnada ya Artcurial ya Paris, walifika kwenye shamba moja magharibi mwa Ufaransa. Waliitwa na warithi waliotaka kujua kama magari ya babu yao yalikuwa na thamani yoyote. Walikuta mabanda ya mabati yaliyolala upande, majani yakiwa yametambaa mpaka kwenye viti, na magari yamepangwa safu baada ya safu: Bugatti, Hispano-Suiza, Delahaye, Delage, Talbot-Lago. Mengi yalikuwa yamekaa hapo karibu nusu karne bila mtu kuyagusa.

Visa vya namna hii husimuliwa kama hadithi za hazina, fulani kafungua mlango wa banda akatoka tajiri. Mimi kinachonigusa ni swali la nyuma yake: nani aliyapeleka magari hayo kule, na kwa nini?

Aliyeyapeleka ni Roger Baillon, mfanyabiashara wa usafirishaji aliyetajirika kwa malori. Alipenda magari kiasi cha kubuni na kuunda la kwake mwenyewe, Oiseau Bleu, akalionyesha Paris mwaka 1947. Miaka ya 1950 akaanza kununua magari yaliyoundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Ili kuelewa uzito wa uamuzi huo, ni lazima kukumbuka hali ya Ufaransa wakati ule. Kabla ya vita, tajiri aliyetaka gari la fahari alinunua chesi na injini kiwandani, kisha akampelekea fundi bodi kama Jacques Saoutchik, aliyefinyanga mabati kwa nyundo kwa kufuata matakwa ya mteja huyo mmoja. Kwa hiyo gari moja mara nyingi halikuwa na pacha duniani. Baada ya vita, serikali iliyabana kwa kodi magari yenye injini kubwa, na wanunuzi wakakimbia. Delage na Delahaye zikafa katikati ya miaka ya 1950, na karakana ya Saoutchik ikafungwa. Gari lililokuwa fahari ya mtaa likageuka mzigo: linakunywa mafuta, spea hazipatikani, na chuma chake kina bei kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Magari ya aina hiyo yalikatwakatwa na kuyeyushwa, na lililoyeyushwa halikuwa na ramani ya kuliunda upya.

Baillon aliyaokoa mengine kutoka njia hiyo hiyo ya kuyeyushwa. Nia yake ilikuwa kufungua makumbusho. Miaka ya 1970 biashara ikamwendea vibaya, na takriban magari 50 yakauzwa. Yaliyobaki yakaendelea kukaa chini ya paa lililoanza kuvuja. Baillon akafariki, mwanawe akafariki mwaka 2013, na wajukuu wakaachiwa mkusanyiko ambao hawakujua thamani yake.

Wapo wanaomlaumu kwa kuyaacha yaoze. Mimi nasita kumlaumu. Gari lililoliwa na kutu nusu bado linaweza kusomwa na fundi, lililoyeyushwa halisomeki. Kati ya magari yale limo moja lililowahi kuwa la Mfalme Farouk wa Misri, aliyepinduliwa mwaka 1952. Bila ya uchu wa Baillon wa kununua, huenda leo tungekuwa tunalitazama pichani tu.

Cha ajabu, warithi walipoyauza magari kupitia Artcurial, lililobeba mnada halikuwa la kabla ya vita hata kidogo. Ndani ya gereji, chini ya marundo ya magazeti ya zamani, ilikuwepo Ferrari 250 GT California Spider ya mwaka 1961, ambayo mwigizaji Alain Delon aliwahi kuimiliki. Ziliundwa 37 tu zenye chesi fupi na taa za mbele zilizofunikwa kioo. Tarehe 6 Februari 2015, jijini Paris, nyundo ilipogonga na ada za mnada kujumlishwa, ilikuwa imefika euro milioni 16.3. Magari yote 59 yalinunuliwa, na jumla ikapita euro milioni 25.

Artcurial iliyaleta ukumbini na vumbi lake, na nadhani walifanya sawa. Rangi ya kwanza, mshono wa ngozi, namba zilizogongwa kwenye chesi na injini, alama za nyundo upande wa ndani wa bati: huo ndio ushahidi wa jinsi watu wale walivyofanya kazi. Fundi rangi mwenye haraka anaufuta kwa siku moja, na hakuna fedha ya kuurudisha. Lakini si kila chombo kinafaa kuachwa kilivyo. Pikipiki nane za Brough Superior, kampuni iliyounda pikipiki aliyokuwa akiendesha mwanajeshi na mwandishi Mwingereza T. E. Lawrence alipopata ajali iliyomuua mwaka 1935, zilikaa zaidi ya miaka 50 ghalani huko Bodmin Moor, Uingereza, nyingine zikiwa vipande vilivyofukiwa na takataka. Mwaka 2016 ziliuzwa kwa zaidi ya pauni 750,000. Moja kati ya hizo, yenye injini ya Austin ya silinda nne na magurudumu mawili ya nyuma yaliyokaribiana, ilifika pauni 331,900. Rundo la vipande halifundishi mengi. Pikipiki za namna hiyo zinastahili fundi mvumilivu atakayeziunganisha.

Bugatti Brescia ya mwaka 1925 ni kesi nyingine kabisa. Ilizamishwa katika Ziwa Maggiore, upande wa Uswisi, miaka ya 1930 kwa sababu ya ushuru ambao haukulipwa, ikainuliwa Julai 2009 ikiwa ubavu mmoja umeliwa wote. Mwaka uliofuata iliuzwa euro 260,500, na mnunuzi, Peter Mullin, akaiweka katika makumbusho yake huko California ikiwa vile vile, na tope lake. Fedha za mauzo zilikwenda kwenye mfuko wa kupambana na ukatili miongoni mwa vijana, ulioanzishwa kwa kumbukumbu ya kijana wa eneo hilo aliyeuawa kwa kipigo mwaka 2008.