Herufi Zilizofunikwa

Msomaji aliyepata kufundisha zamani ataikumbuka stensili, ile karatasi ya nta tuliyoitoboa kwa taipureta ili wino upite penye matundu tu na kutuachia mtihani. Kuchora kwa mchanga kuna asili hiyohiyo, ila mchanga haupaki rangi, unakula.

Hataza ya ugunduzi huo alipewa Benjamin Chew Tilghman wa Philadelphia, Marekani, mwaka 1870. Alisukuma mchanga kwa mvuke au hewa yenye nguvu. La ajabu (nami hulipenda kwa kuwa huwashangaza wanafunzi) ni kwamba mchanga hushindwa na kitu laini. Kioo na jiwe, kwa ugumu wao, humeguka chembe chembe. Karatasi, mpira au kitambaa cha lesi hubonyea tu, punje ikadunda. Ukibandika lesi juu ya kioo, ua lake hubaki liking'aa na kwingine kote pakawa na ukungu.

Tilghman alikuwa mwanajeshi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe aliongoza kikosi cha 3 cha askari weusi wa Marekani. Vita vilipokwisha mwaka 1865, makaburi mengi ya askari yalikuwa na mbao tu, nazo zikaoza. Mwaka 1873 serikali ikaamua kuweka mawe: bamba la marumaru lenye upana wa inchi 10 na unene wa inchi 4. Makaburi yalikuwa maelfu kwa maelfu. Patasi ingemaliza lini? Huko Vermont herufi za chuma zilipangwa juu ya marumaru, mchanga ukapulizwa, jiwe la kando likaliwa na jina likabaki limeinuka. Askari weusi, waliokuwa kama 179,000 katika jeshi hilo, waliwekewa herufi U.S.C.T., mara nyingi katika sehemu yao ya peke yao. Wasiojulikana, wa rangi yoyote, walipata kijiwe cha mraba cha inchi 6 chenye namba tu. Binafsi, kijiwe hicho hunisumbua kuliko sanamu yoyote ya jemadari.

Fundi naye hakukingwa mapafu kwa uangalifu uliotumika kukinga herufi. Vumbi la silika likawaua wengi. Uingereza ilipiga marufuku mchanga wa namna hiyo katika kupulizia vyuma viwandani mwaka 1949, miaka 79 baada ya hataza ya Tilghman. Kwingineko wapo mafundi wanaoutumia hata leo, kitambaa kimefungwa puani.