Mita Sitini

Nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu, somo la Saadani nililianza daima kwa Bwana Heri bin Juma. Niliwaeleza wanachuo jinsi alivyokataa kuwatii Wajerumani mwaka 1888, jinsi Saadani ilivyopigwa mizinga kutoka baharini Juni 1889, na jinsi alivyoingia porini akajenga ngome za miti, Mlembule kisha Palamakaa, hata akasalimu amri Aprili 1890. Niliwaeleza habari za misafara ya pembe za ndovu, na za yule mmisionari Roger Price aliyepima njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1876, ambayo ndorobo waliikomesha upesi kwa kuwaua ng'ombe. Jambo moja sikulifundisha kamwe, kwa sababu sikulihesabu kuwa ni historia: mahali ambapo watu wa pwani yetu walikubali kujenga, na mahali walipokataa.

Mimi ni mtoto wa Saadani, na baba yangu alikuwa mvuvi. Nyumba yetu ilikuwa ya fito na udongo, imeezekwa makuti. Katika umri wangu nakumbuka tumehama mara tatu, na kila mara tulirudi nyuma, kuelekea minazini. Hapakuwa na kilio wala kikao. Maji ya bamvua yakishafika kizingitini misimu miwili mfululizo, mzee huwaita jirani, makuti yakashushwa, nguzo nzima zikachomolewa, zilizooza zikawa kuni. Mlango ulibebwa na watu wawili. Siku tatu baadaye tulikuwa tukilala mahali pengine. Baba alikuwa akisema kwamba nguzo ni zake, lakini kiwanja si chake. Nilidhani ni maneno ya mtu maskini.

Mwaka 1988, nikiwa mwalimu mkuu mwenye mshahara na mkopo, nilijenga kwa matofali ya saruji. Nilichagua kile kiwanja cha pili cha baba, ambacho yeye alikwisha kukihama, kwa kuwa kina upepo mzuri na kutoka barazani unaona majahazi. Kati ya baraza na maji zilikuwapo safu tatu za minazi. Kuhusu kibali, ndugu msomaji, nilimwambia mwenyekiti wa kijiji, naye akanipongeza. Ndicho kibali nilichokuwa nacho.

Sheria za ardhi, kwa muda mrefu, zilikuwa zikiuliza swali moja tu: ardhi ni ya nani? Wajerumani walijibu mwaka 1895 kwa kutangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao. Waingereza wakajibu kwa namna yao mwaka 1923. Baada ya Uhuru tulisema ni ya umma. Swali la pili, kwamba ardhi hii inafaa kujengwa au haifai, lilichelewa kufika vijijini kwetu. Lilikuja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ambayo iliiweka ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ufukweni katika orodha ya ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa za hatari. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Hiyo, katika kifungu cha 57, ilisema wazi kwamba shughuli za kibinadamu zenye hali ya kudumu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Tena mradi mkubwa, kama hoteli, hauanzi mpaka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike na cheti kitolewe.

Mwaka mmoja baada ya kustaafu kwangu alikuja kijana kutoka mjini, mwenye michoro mizuri, akitaka kujenga nyumba za wageni juu ya tuta la mchanga. Wakati huo Saadani ilikwisha kuwa Hifadhi ya Taifa, tangu mwaka 2005, na wageni walikuwa wakija kuona mahali ambapo tembo hukaribia bahari. (Kwa wenzetu wa Uvinje swali kubwa lilikuwa la mpaka wa hifadhi, na mgogoro ule unahitaji makala yake.) Kijiji kiliniomba nisome sheria kwa sauti mkutanoni, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nikasoma. Nikaeleza tofauti ya kibali cha ujenzi na cheti cha mazingira. Nilijisikia nimerudi darasani.

Ndipo akasimama mzee mmoja, mvuvi, aliyekuwa rika la kaka yangu mkubwa.

"Mwalimu, tumeisikia. Hiyo mita ya kwanza inaanzia wapi? Maana maji yanakupwa na kujaa, na bamvua si maji mafu."

Ofisa aliyekuja kutoka wilayani akajibu kwamba ni pale maji ya bamvua kubwa yanapoishia.

"Vema," akasema mzee. "Na nyumba yako, Mwalimu, ina mita ngapi?"

Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Jioni nilimchukua mjukuu wangu na tepu ya fundi, tukapima kutoka kwenye mstari wa takataka za bahari. Zilikuwa mita 44, na safu ya minazi iliyobaki ilikuwa moja.

Nilianza kuyatazama upya mambo niliyoyapita miaka yote. Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo, nilikuwa nikiwapeleka wanachuo kuona msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Mji ule ulikuwa bandari. Leo mikoko na tope vimeuziba, na bahari iko mbali nao. Kunduchi ni kinyume chake: hoteli ya Africana, iliyokuwa fahari ya Dar es Salaam, ililiwa na bahari ikaachwa magofu. Mchanga wa ufukwe huletwa na mito, kisha mawimbi ya kusi huusukuma kwenda kaskazini. Malori yalipokuwa yakichota mchanga katika vijito vya Mbezi na Tegeta kwa ajili ya kujengea jiji, na baruti za wavuvi haramu zikivunja matumbawe yanayopunguza nguvu za mawimbi, ufukwe ulikosa chakula na kinga kwa pamoja. Kwetu sisi mlishaji ni mto Wami. Kwa hiyo mita 60 peke yake haitoshi. Anayechota mchanga mtoni, maili nyingi kutoka baharini, naye anajenga au anabomoa ufukweni.

Na kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani? Utotoni nilisikia wavuvi wakikitaja kwa mivinje yake na kasa wake waliopanda kutaga mayai. Mivinje imekwisha, kisiwa ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kimewekwa hifadhi, na hifadhi hiyo ipo kisheria mpaka leo.

Marekani, ambako upande wa mashariki kuna visiwa virefu vya mchanga vilivyoikinga bara, walitunga sheria mwaka 1982 ambayo haikumkataza mtu kujenga katika maeneo yaliyotengwa. Ilisema tu kwamba fedha za serikali kuu, pamoja na bima yake ya mafuriko, hazitamfuata huko. Mnara wa taa wa Cape Hatteras, uliojengwa mwaka 1870, walikuja kuuhamisha mwaka 1999, mzima mzima, karibu mita 880 kwenda nyuma. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka baba na mlango wake uliobebwa na watu wawili.

Maana sheria yetu inakataza hali ya kudumu, na baba hakuwa na kitu cha kudumu pale ufukweni. Nyumba yake ilikuwa mbele ya sheria bila ya yeye kujua kusoma. Aliyeleta saruji ni mimi, mwenye cheti.

Yule kijana wa mjini alirudisha michoro yake nyuma, akajenga ng'ambo ya minazi. Mimi nilichelewa. Mke wangu alikataa kuhama, wanangu wakashauri tujenge ukuta wa mawe, nami kwa miaka mitano nilikuwa upande wao. Fundi alinieleza kuwa ukuta utaniokoa mimi na kuhamishia maji kwa jirani. Baada ya bamvua lililobomoa ngazi za baraza tulitoa mabati, milango na madirisha, tukajenga vyumba viwili karibu na barabara. Matofali hayachomoleki kama nguzo. Yamebaki palepale, na wavuvi hufungia kamba za ngalawa kwenye nguzo ya baraza langu.