Samaki Wawili Waliohamishwa: Trauti wa Nyika na Sambaza wa Kivu

Anayefika soko la Lilongwe kutoka Dzaleka kwa mara ya kwanza huchekeshwa na neno moja. Muuzaji anaita "Chambo! Chambo!" na sisi tuliokulia katika Kiswahili tunatafuta minyoo. Kwetu chambo ni kile kinachotiwa kwenye ndoana; kwa Wamalawi ni samaki mwenyewe, tena wa heshima. Nilipouliza samaki wengine wa nchi hii nilitajiwa usipa, mpasa, kampango, na mwisho kabisa, kama mtu anayetaja kitu cha mbali, trauti. "Huyo wa Nyika. Wa wazungu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike insha hii. Samaki anakuwaje wa wazungu?

Trauti hana asili katika Afrika kusini mwa Sahara. Yule wa kahawia ni wa Ulaya, na yule wa rangi za upinde wa mvua ni wa mito inayoingia bahari ya Pasifiki. Anataka maji baridi yanayotembea. Maji yakizidi kiasi cha nyuzi 20 anaanza kutaabika. Kumsafirisha hai kuvuka ikweta kulishindikana mpaka watu walipojifunza kusafirisha mayai badala ya samaki. Mwaka 1864 mayai yaliyofungwa katika kuvumwani na barafu yalifika Tasmania kwa meli na yakaanguliwa. Baada ya hapo kila koloni la Waingereza lenye mlima lilitaka trauti wake. Kenya walimpata mwaka 1905, mayai yakitoka Scotland hadi mto Gura katika milima ya Aberdare, kwa juhudi za Ewart Grogan. Nyasaland nayo ilipandikiza samaki hao kwenye vijito vya mlima Zomba, juu kidogo ya ofisi za serikali, kwani Zomba ndiyo iliyokuwa makao makuu hadi Lilongwe ilipochukua nafasi hiyo mwaka 1975. Afisa aliweza kufunga faili mchana na jioni akawa mtoni.

Uvuvi wenyewe haukuwa wa kutafuta kitoweo. Ndoana huvikwa manyoya na uzi mpaka ifanane na nzi, na kwa kuwa nzi huyo hana uzito, mvuvi hurusha mshipi mzito unaomvuta nyuma yake. Ni ustadi, sikatai. Lakini mtu mwenye njaa angetumia wavu. Kanuni za mchezo zilifanya kazi ya pili pia: mwenye wavu au mgono kwenye mto wenye trauti akawa mhalifu, na mwenye leseni akawa mwanamichezo. Hata samaki wa wenyeji walibatizwa upya. Mpasa, anayepanda mito kutoka Ziwa Malawi kwenda kutaga, Waingereza walimwita samoni wa ziwa, kana kwamba hakuwa na jina.

Baadaye trauti alipelekwa kaskazini, uwanda wa Nyika, ambako mabwawa ya Chelinda yako zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari na usiku wa Juni huleta jalidi. Vitabu vya wageni husifu uvuvi wa "vuli" huko, na hapa Kiswahili chetu kinapata shida. Kamusi inasema vuli ni msimu wa majani kupukutika, lakini kwa mkulima wa Afrika Mashariki vuli ni mvua za mwisho wa mwaka. Msimu wanaoumaanisha Nyika ni Aprili na Mei, mvua zikikoma na kipupwe kikianza.

Mabwawa hayo yamechimbwa na watu. Ziwa la asili la uwanda ni Kaulime, ambalo katika masimulizi ya wenyeji lina nyoka mlinzi. Nyika ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1965, na ilipopanuliwa mwaka 1978 familia za Waphoka zilihamishwa kutoka kwenye ardhi yao. Trauti akabaki. Samaki mgeni, ambaye leo yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi, alikuwa na haki ya kukaa kuliko mwenye mlima. Sijafika Nyika. Sisi wa Dzaleka hatutoki kambini bila kibali, na mwaka 2023 wenzetu waliokuwa wakifanya biashara Lilongwe waliamriwa kurudi. Labda ndiyo maana habari ya nani ahamishwe na nani abaki inanigusa kuliko inavyompasa mwanahistoria.

Hata hivyo, sikubaliani na wenzangu wanaosema kila samaki wa kikoloni ni balaa. Wengi wetu tumetoka Kivu. Ziwa lile, lililozibwa na volkano, lilikuwa na samaki wachache, na katikati yake maji yalikuwa matupu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walileta dagaa kutoka Tanganyika, wakazaana, wakaitwa sambaza. Wataalamu walilalamika baadaye kwamba amepunguza vijidudu vya ziwani, na huenda wana haki. Lakini sambaza hakudai leseni ya bwana wala fimbo ya gharama. Huvuliwa usiku kwa taa na wavu, mitumbwi mitatu ikifungwa pamoja, wanaume wakiimba, na asubuhi mama maskini wa Bukavu ananunua kwa kipimo cha kikombe. Ukoloni uleule, matokeo mawili. Tofauti, kwa maoni yangu, haikuwa katika samaki bali katika chombo kilichoruhusiwa kumvua.

Dzaleka yenyewe ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Kamuzu Banda kabla ya kuwa kambi mwaka 1994. Trauti hauzwi hapa. Kinachouzwa ni usipa mkavu kutoka Ziwa Malawi, umemwagwa juu ya gunia. Muuzaji anaita usipa, mama wa Uvira anajibu "nipimie sambaza", na wanaanza kubishana bei.