Daftari la Majina

Mwaka 1997 bendi ya Kiingereza iitwayo Marillion ilitoa albamu yake ya tisa, This Strange Engine, na mashabiki wake wa Amerika Kaskazini wakauliza swali ambalo kila shabiki huuliza: mnakuja lini? Aliyejibu ni mpiga kinanda wa bendi, Mark Kelly, naye hakupamba maneno. Hawaji. Ziara ya huko ingewaachia hasara ya dola 60,000 hivi, na hakukuwa na kampuni iliyo tayari kuibeba.

Wakati huo mashabiki hao walikuwa wakiwasiliana kwa kundi la barua pepe. Walikaa miji tofauti na wengi wao hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Mmoja akatoa wazo: basi tuchange sisi wenyewe. Akaunti ikafunguliwa, fedha zikaanza kuingia kidogo kidogo, na bendi yenyewe haikuwa na mkono katika kuchangisha. Kabla ya mwaka kwisha, Marillion walikuwa wakizunguka Marekani, wakipiga muziki mbele ya watu waliokuwa wamelipia hasara yao kabla haijatokea.

Kisa hiki husimuliwa sana kama utangulizi wa jambo jingine. Tovuti za kuchangisha fedha mtandaoni zilipokuja kushamiri, Kickstarter ikiwemo kuanzia 2009, waandishi wa biashara walirudi nyuma kutafuta chimbuko, wakakuta wapenzi wa muziki wa roki waliofanya jambo lilelile miaka kumi na zaidi kabla. Ni kweli, lakini masimulizi hayo huruka swali gumu zaidi. Kwa nini wao? Mwaka 1997 zilikuwepo bendi nyingi zilizopendwa kuliko Marillion, zenye mashabiki wengi zaidi na wenye fedha zaidi. Hii ilikuwa bendi ambayo magazeti ya muziki ya Uingereza yaliizoea kama mzaha.

Mzaha huo una historia yake. Roki ya progresivu ilikuwa muziki wa vijana wa Kiingereza wa mwisho wa miaka ya 1960 ambao hawakuridhika na wimbo wa dakika tatu. King Crimson walifungua njia mwaka 1969. Mwaka 1972 Genesis walirekodi "Supper's Ready", wimbo wa dakika 23 hivi, na Jethro Tull wakatoa Thick as a Brick, albamu ambayo ni wimbo mmoja uliokatwa katikati kwa sababu tu santuri lazima igeuzwe upande wa pili. Muziki huu ulidai kitu kwa msikilizaji. Ulimtaka akae chini, azime shughuli nyingine, asome maneno kwenye jalada, arudie mara ya tano ndipo aanze kuona jinsi sehemu ya kwanza inavyorudi katika ya mwisho. Aliyevumilia alilipwa, na malipo hayo yalimfanya ajihisi mwenyeji wa nyumba ambayo wapita njia hawajui mlango wake.

Kisha panki ikaja. Johnny Rotten wa Sex Pistols alivaa fulana ya Pink Floyd aliyoiandika kwa mkono wake kwamba anawachukia, na kwa wahakiki wengi fulana hiyo ikawa hukumu. Nyimbo ndefu zikawa alama ya kiburi. Kufikia mwaka 1979, kijana wa Kiingereza aliyeanzisha bendi ya progresivu alikuwa kama mtu anayefungua duka la taa za mafuta siku ambayo umeme umeingia mtaani.

Ndio mwaka walioanza Marillion, mjini Aylesbury, kaskazini-magharibi ya London. Jina walilikata kutoka kitabu cha Tolkien, The Silmarillion. Mwimbaji wao aliyekuja kuwapa umaarufu alikuwa Mskoti mrefu anayejiita Fish, aliyepanda jukwaani na rangi usoni, na wahakiki hawakuchelewa kusema kwamba hii ni Genesis ya mkopo. Waliokuwa ukumbini hawakujali. Klabu ya mashabiki iliyoitwa The Web ilizaliwa mapema katika miaka ya 1980, na mwaka 1985 waliodharauliwa wakashinda kwa muda: Misplaced Childhood, albamu ambayo kila upande wake unatiririka bila kukatika, ilishika nafasi ya kwanza Uingereza, na wimbo wake "Kayleigh" ukafika nafasi ya pili. Wazazi wakaanza kuwapa mabinti zao jina hilo. Leo kuna wanawake wa Kiingereza wenye umri wa miaka arobaini ambao wanaitwa Kayleigh kwa sababu ya bendi ambayo huenda hawajawahi kuisikiliza.

Mwaka 1988 Fish aliondoka, na hapo ndipo mapenzi ya mashabiki yalipopimwa kwa mara ya kwanza. Mwimbaji mpya, Steve Hogarth, hakujaribu kumwiga aliyemtangulia. Sauti yake ilikuwa nyingine, mavazi mengine, maneno mengine. Wapo waliofunga mlango siku hiyo na hawakurudi. Hadi leo kuna wanaokiri Marillion ya Fish pekee. Waliobaki walikuwa wachache zaidi, lakini walikuwa wamefanya uamuzi. Walikuwa wameamua kwamba wanachokipenda ni kikubwa kuliko mtu mmoja na kuliko ujana wao wenyewe. Mwaka 1994 walipewa Brave, albamu ya zaidi ya dakika sabini iliyochipuka kutokana na habari ya redioni kuhusu msichana aliyekutwa kwenye daraja la Severn, asiyetaka kusema yeye ni nani. Ilichukua muda mrefu na fedha nyingi kuitengeneza, na haikuuza kama za zamani. Mwaka 1995, baada ya albamu moja zaidi, kampuni ya EMI ikaachana nao.

Kwa mahesabu ya EMI, uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Kampuni ilitazama mstari wa mauzo, ikaona unashuka mwaka hadi mwaka. Ilichoweza kuona ni idadi: nakala ngapi zimetoka ghalani, ngapi zimerudi. Nani alinunua, alinunua mara ngapi, angekuwa tayari kufanya nini ili ya pili ipatikane, hayo hayakuwa na safu katika daftari lake. Watu elfu kumi wanaonunua albamu kwa sababu imepigwa redioni wiki hiyo, na watu elfu kumi walioisubiri miaka miwili, kwa mhasibu ni elfu kumi tu.

Michango ya 1997 iliwaonyesha wanamuziki tofauti iliyopo kati ya makundi hayo mawili. Hawakuitumia mara moja. Walitoa albamu nyingine mbili kwa mkataba wa kampuni ndogo, kisha, mkataba ulipokwisha, wakawaandikia barua pepe mashabiki takriban 6,000 waliokuwa na anwani zao. Swali lilikuwa moja: mngekubali kuilipia albamu ambayo bado hatujaitunga? Waliolipa walizidi 12,000. Albamu ilitoka mwaka 2001 kwa jina la Anoraknophobia. Anoraki ni lile koti lenye kofia la kukinga mvua, na mtaani Uingereza ni jina la kejeli kwa mtu aliyezama mno katika jambo ambalo wengine hawalioni maana yake. Bendi ililichukua tusi la mashabiki wake, ikaliweka kwenye jalada. Katika taarifa kwa waandishi iliwapa wahakiki changamoto: waiandikie albamu hii bila kutumia maneno kama Genesis, Fish wala dinosauri. Na EMI wakarudi, safari hii kama wasambazaji wa kazi iliyokwisha kulipiwa.

Mwaka 2004 walirudia kwa albamu ya Marbles. Waliolipa mapema walipata toleo la pekee lenye kitabu, na ndani ya kitabu hicho, ukurasa baada ya ukurasa, yamechapwa majina yao. Ukikifungua leo unaweza kudhani umeshika orodha ya wapiga kura.

Kurasa hizo zina ukoo mrefu kuliko intaneti. Mwezi Machi 1784, Mozart alimwandikia baba yake kutoka Vienna na kumpelekea orodha ya watu 174 waliokuwa wamelipia kabla maonyesho yake ya msimu huo. Ilikuwa fahari yake, kwamba mwanamuziki asiye na ajira ya kasri anaweza kuishi kwa majina hayo. Mwaka 1885, msingi wa Sanamu ya Uhuru ulipokwama New York kwa kukosa fedha, Joseph Pulitzer aliahidi katika gazeti lake kumchapa kila mchangaji jina, hata wa senti. Zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, wengi wao wakitoa chini ya dola moja. Sisi tunaosoma Kiswahili hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kitenzi tunacho, kuchanga, na aliyewahi kukaa kwenye kikao cha harusi anajua kwamba daftari la michango ni zaidi ya hesabu. Jina likiandikwa, mtu amesimama kuhesabiwa, na anayepokea amejifunga.

Kufungwa huko ndiko wasiwasi ulipo. Msanii anayelishwa na mashabiki wake anaweza kuwa mateka wao, akipika chakula kilekile kila siku kwa sababu ndicho walichokilipia. Pia anaweza kuzoea kuwaimbia waliokwisha kukubali, hadi asisikie tena ukimya wa nje. Hoja ya pili ina uzito: wapo Waingereza wengi wanaodhani Marillion ilivunjika zamani. Ya kwanza nadhani inajibiwa na tarehe. Walichokilipia watu wale zaidi ya 12,000 hakikuwepo. Hakuna aliyesikia hata mstari. Walikuwa wamemwona Fish akiondoka na Hogarth akiingia, wamepita Brave, na wakatoa fedha wakijua kwamba kitakachokuja huenda wasikipende. Kampuni hutaka kusikia kwanza ndipo itoe hundi. Hawa walitoa kwanza, kisha wakasubiri.

Namna hiyo ya kuaminiana ni vigumu kuikodisha kwa mtu wa tatu. Kwa albamu yao ya 2016, iliyofika nafasi ya nne Uingereza, Marillion walitumia PledgeMusic, tovuti iliyojenga biashara yake juu ya wazo walilokuwa wamelijaribu kabla yake. Wao walipita salama. Mwaka 2019 tovuti hiyo iliporomoka ikiwa na madeni kwa wasanii wengi: mashabiki walikuwa wamelipa, fedha zikaishia katikati, na wanamuziki wakabaki wanadaiwa albamu wasizo na uwezo wa kuzitengeneza. Mwaka 1997 fedha zilikabidhiwa shabiki mwenzao, na aliyezishika angewajibika mbele ya watu wanaomjua angalau kwa maandishi yake. Kati ya mtoaji na mpokeaji hakukuwa na mtu ambaye muziki haumhusu.

Mambo mengine yamejengwa juu ya msingi uleule. Tangu 2002 bendi huwaita mashabiki wake kwenye wikiendi nzima ya pamoja, na kwa miaka mingi kituo kikuu kimekuwa Port Zélande, kijiji cha mapumziko kando ya bahari nchini Uholanzi. Usiku tatu, nyimbo tofauti kila usiku, na maelfu ya watu kutoka nchi nyingi. Wengine walikuja vijana, sasa wanakuja na watoto wao.

Kisha Uviko ukaja, na mwaka 2021 bendi ilitaka kuzunguka Uingereza mwezi Novemba. Bima ya kulipia hasara endapo mmoja wao angeugua na ziara kukatika haikupatikana. Wakarudi mahali pa zamani. Waliwaomba mashabiki waweke fedha kando kama dhamana: ziara ikiisha salama, kila mtu anarudishiwa chake; ikivunjika, fedha zinalipa madeni ya magari, mitambo na wafanyakazi. Mashabiki wakaweka.

Kelly alikuwa bado yuko nyuma ya kinanda. Miaka 24 ilikuwa imepita tangu alipowaambia watu kwamba hawaji kwa sababu hakuna wa kuibeba hasara. Kitabu cha Marbles kilikuwa kimezeeka kwenye rafu za waliokinunua, kampuni iliyowaacha ilikuwa imegawanywa na kuuzwa, na tovuti iliyowakopesha jukwaa haikuwepo tena. Daftari lilikuwepo, na majina mengi ndani yake yalikuwa yaleyale.